Bati Sio Blanketi: Nyumba Bora ya Singida na Kipimo Kinachosahau Usiku

Kila mwaka mwezi wa sita ukiingia, Bibi yangu anahama nyumba. Hahami mbali, ni hatua thelathini hivi. Anatoka kwenye nyumba aliyojengewa na wanawe, ya tofali za kuchoma, bati la rangi, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, anaingia kwenye tembe la zamani ambalo siku hizi ni jiko na stoo ya alizeti. Huko analala mpaka katikati ya mwezi wa nane, ndipo anarudi kwenye "nyumba ya watoto", kama anavyoiita mwenyewe. Kijiji chetu kiko wilaya ya Ikungi, na pale kila mtu anaijua habari hii. Baba zangu wadogo wanaona aibu kweli kweli. Wamejinyima miaka minne wamjengee mama yao nyumba bora, halafu mama analala na magunia ya alizeti.

Mwaka jana familia ilikaa ikanipa kazi. Wewe ndiye umesoma mambo ya nishati mpaka shahada ya pili, wakasema, nenda kamwelimishe bibi yako.

Nikaenda. Nikamkuta anapepeta mtama uani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Wamekutuma, eeh?" Nikacheka, sikuwa na jibu. Akaniambia hana ugomvi na mtu, ila nikalale kule kwenye bati usiku ule, kesho yake tutaongea. Nikalala na blanketi mbili, soksi na koti la mvua juu yake. Saa kumi alfajiri nilikuwa macho, nimejikunja kama jongoo, nasikia upepo unapiga miluzi juu ya ukuta. Asubuhi sikuwa na cha kumwelimisha.

Kwa hiyo makala hii ni ya ukosoaji, na naomba nieleweke mapema kuwa siwakosoi baba zangu. Wamefanya kile ambacho nchi nzima imefundishwa kuwa ndiyo maendeleo. Ninachokikosoa ni kipimo tunachotumia kusema nyumba hii ni bora na ile si bora.

Hebu tukitazame kipimo chenyewe. Kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, kama ilivyokuwa kwenye sensa zilizotangulia, maswali kuhusu nyumba yalikuwa ya vifaa: paa limeezekwa kwa nini, kuta zimejengwa kwa nini, sakafu ni ya nini. Bati, saruji na vigae upande mmoja, nyasi na udongo upande wa pili. Siku majibu hayo yanapojumlishwa, tunapata asilimia ya kaya zinazoishi kwenye nyumba bora, na asilimia hiyo ikipanda tunapiga makofi. Wanasayansi nao hawako mbali na hapo. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa wa makazi kusini mwa Sahara, ukaonyesha kuwa sehemu ya watu wenye makazi yaliyoboreshwa ilipanda kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi asilimia 23 mwaka 2015. Vigezo vilikuwa vinne: maji, choo, nafasi ya kutosha kwa waliomo, na ujenzi wa kudumu. Vyote ni vya maana na sipingi hata kimoja. Lakini tafuta humo swali linalohusu joto la ndani saa kumi usiku. Halipo.

Mtu wa Dar es Salaam atauliza, joto la ndani la nini tena, si tunatafuta feni? Ndugu yangu, njoo Singida mwezi wa saba. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda mpana usio na kitu cha kuzuia upepo. Upepo wa hapa ni mkali kiasi kwamba miradi ya kuzalisha umeme kwa mapanga imekuwa ikipangwa kwa miaka mingi. Kiangazi hewa ni kavu na anga ni jeupe. Mchana unaweza kuvaa fulana, nyuzi 25 au 26 hivi, lakini alfajiri zinabaki 14 au pungufu. Kwa mtu wa Ulaya nyuzi 14 sio baridi ya kutisha, maana yeye ndani ana mashine ya kupasha nyumba nzima. Sisi nyuzi 14 tunalala nazo chumbani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nyumba na afya mwaka 2018, likapendekeza joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi. Sababu ni za kitabibu: baridi inabana mishipa ya damu, inapandisha shinikizo la damu, inazidisha matatizo ya njia ya hewa, na wazee na watoto wachanga ndio wa kwanza kuumia. Ila mwongozo wenyewe unasema namba hiyo ni kwa nchi za hali ya hewa ya wastani na za baridi. Sisi ni nchi ya tropiki, kwa hiyo kwenye karatasi hatusikii baridi. Bibi yangu ana miaka zaidi ya themanini na presha, ila kwa sababu ya mahali alipozaliwa hakuna aliyemwekea namba.

Sasa tuingie kwenye fizikia, maana hapo ndipo Bibi alipo sahihi.

Kwa wasiolijua, tembe ni nyumba ya asili ya kanda ya kati: Wanyaturu, Wagogo, Wasandawe, Wairaqw na wengine wana namna zao. Ni nyumba fupi, ndefu kwa upana, kuta za miti na udongo, na paa bapa. Juu ya nguzo na magogo zinapangwa fito, juu ya fito mabua au nyasi, kisha udongo unamwagwa na kushindiliwa. Paa ni imara kiasi cha kuanikia mtama na mboga juu yake. Madirisha ni tundu tu. Mbuzi na ndama mara nyingi walilala chini ya paa hilo hilo na wenye nyumba, na wao pia ni chanzo cha joto, hata kama harufu yao hatuiweki kwenye hesabu.

Chukua mita moja ya mraba ya paa la tembe lenye udongo wa sentimita 25. Hiyo ni kama kilo 400 za udongo. Chukua mita moja ya mraba ya bati jembamba tunalonunua wengi, unene kama milimita 0.3. Hiyo ni kilo 2 na nusu haijafika. Ukishusha joto la vyote viwili kwa nyuzi moja tu, udongo unakuachia kilojuli 350 hivi, bati linakuachia kilojuli moja. Kilojuli moja ni joto ambalo mtu aliyelala anatoa kwa muda wa sekunde kumi na tatu. Kwa maneno mengine, jua likizama, bati halijabakiwa na kitu cha kukupa. Paa la udongo lina akiba ya mchana mzima.

Kama umekulia Singida mjini unaijua hali hii bila hesabu. Yale mawe makubwa yaliyotapakaa mjini, ukiyakalia saa moja jioni yana vuguvugu, hata upepo wa Ziwa Singidani ukiwa umeshaanza kuuma. Tembe ni jiwe lile lile, ila wewe uko ndani yake.

Jambo la pili ni muda. Joto halipiti kwenye ukuta mara moja, linasafiri, na linapungua njiani. Kwa ukuta wa udongo wa sentimita 30, makadirio ya kawaida yanatoa safari ya saa tisa mpaka kumi. Yaani ule ukali wa jua la saa nane mchana unafika upande wa ndani karibu saa tano au sita usiku, wakati unapouhitaji. Na unafika umepozwa: ngozi ya nje ya ukuta ikipanda na kushuka kwa nyuzi 30, ya ndani inapanda na kushuka kwa nyuzi mbili hivi. Ukuta wa bloku uliosimamishwa, sentimita 15, unachukua saa nne tu. Joto linaingia ndani saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu amekaa nje anapiga stori, na linaingia kwa wingi, nyuzi kumi hivi katika zile 30. Ndiyo maana nyumba ya bloku ni tanuru jioni na friji alfajiri. Haya sio mapya. Msanifu Hassan Fathy wa Misri, aliyejenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, alihusika na majaribio ya mwaka 1964 jijini Cairo ambapo chumba cha udongo kilibadilika joto kwa nyuzi zisizozidi mbili kwa saa 24, wakati cha zege kilipanda na kushuka na jua.

Nisidanganye hapa, maana kuna wapenzi wa nyumba za udongo wanaovuka mpaka. Udongo sio kizuizi kizuri cha joto. Blanketi linazuia joto lisitoke, udongo unalipitisha, ila kwa uvivu. Tembe linafanya kazi Singida kwa sababu mchana kuna jua la kujaza akiba. Ulihamishie mahali pasipoona jua kwa wiki tatu, litakuwa baridi kama pango.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, ni anga. Kila kitu chenye joto kinalitoa kwa mnururisho, hata bila kugusana na kitu kingine. Usiku wa kiangazi anga la Singida halina mawingu wala unyevu mwingi wa kurudisha joto hilo chini, kwa hiyo paa linatazamana na ubaridi wa juu kabisa. Wairani wa zamani walitumia kanuni hii kutengeneza barafu jangwani: walimwaga maji kwenye madimbwi ya kina kifupi usiku wa anga jeupe, na maji yaliganda hata kama hewa yenyewe haijafika sifuri. Paa la bati lililopakwa rangi, au lililoshika kutu, linaweza kupoteza wati 70 hivi kwa kila mita ya mraba kwa njia hii. Nyumba ya mita 50 za mraba, hiyo ni wati 3,500, sawa na pasi tatu za umeme zinazochemka kuelekea angani usiku kucha. Kweli, sehemu kubwa ya joto hilo bati linalikopa kwa hewa ya nje inayolipuliza, sio kwa mwenye nyumba. Lakini matokeo yake ni bati lenye ubaridi kuliko hata hewa ya nje, na wewe umelala chali chini yake unatazamana nalo. Mwili wako nao unanururisha joto kuelekea kwenye bati hilo. Unaweza kusoma kipimajoto cha chumbani, ukaona hewa si mbaya sana, na bado mifupa inauma.

(Kichekesho ni kwamba bati jipya la kawaida, lile jeupe linalong'aa, linatoa mnururisho kidogo zaidi. Bati la rangi ambalo kila mtu analitaka siku hizi ndilo linalopoa zaidi usiku. Baba mdogo nilipomweleza hivyo aliniangalia kama nimemtukana.)

Halafu upepo. Kati ya mwisho wa ukuta na bati, fundi wengi wanaacha upenyo. Chumba cha mita tatu kwa nne kina kama mita 30 za ujazo wa hewa. Hewa hiyo ikibadilishwa mara kumi kwa saa, jambo la kawaida kabisa kwenye upepo wetu, na ndani kukiwa na nyuzi tano zaidi ya nje, unapoteza wati 500. Ikibadilishwa mara moja kwa saa unapoteza wati 50. Watu wawili waliolala wanatoa wati 150 kwa pamoja. Fanya hesabu mwenyewe uone ni chumba kipi ambacho watu wawili wanaweza kukipasha kwa miili yao na ni kipi wanahangaika bure.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la usumbufu na kuwa la hatari. Mtu anayesikia baridi anafanya nini? Kwanza anaziba ule upenyo kwa magunia na matambara. Amefanya vizuri. Bado baridi, kwa sababu bati liko pale pale. Basi analeta jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, na watu wengi wanaamini kisicho na moshi hakina sumu. Lakini mkaa unaowaka kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na kwa mtu aliyekuwa tayari anaelekea kulala, dalili ya usingizi haimshtui. Binamu yangu na mkewe walinusurika kwa sababu mtoto wao alianza kutapika akalia. Walipotaka kusimama miguu haikuwabeba, ikabidi mume atambae mpaka mlangoni. Hiyo ilikuwa nyumba ya bloku, vioo madirishani, milango inayofunga sawasawa. Kwa karani wa sensa ni nyumba bora kwa kila kipengele.

Mpangilio huu wa matukio, bati, baridi, kuziba, mkaa, hauonekani popote kwenye kipimo chetu. Nyumba inahesabiwa kupanda daraja, na gharama ya joto lililopotea inahamia kwenye gunia la mkaa, kwenye miti, na mara nyingine kwenye uhai wa watu.

Najua sasa kuna msomaji ameshaanza kuandika, "kwa hiyo turudi kwenye matembe?" Hapana. Na hawa wanaopiga picha tembe moja lililobaki, wanaliweka mtandaoni na maneno matamu kuhusu hekima ya mababu, nao nina ugomvi nao, maana wengi hawajawahi kulala humo.

Kwanza papasi. Huyu ni kupe laini anayekaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Anatoka usiku, ananyonya damu, anarudi kwenye ufa wake kabla hujaamka, na anaweza kukaa miaka bila kula. Anaeneza homa ya papasi, ile homa inayopoa ukadhani umepona, kisha inarudi. Daktari Joseph Everett Dutton, mmoja wa walioonyesha kuwa papasi ndiye anayeieneza, aliugua homa hiyo hiyo akafariki Kasongo, Kongo, mwaka 1905, na bakteria wake anaitwa kwa jina lake. Richard Burton, aliyepita kanda ya kati 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, alizieleza tembe kwenye kitabu chake cha 1860, na wadudu wake hakuwasahau. Kwa wajawazito na watoto wachanga homa hii inaua, na huko Dodoma imeendelea kuonekana hospitalini kwenye maeneo ya matembe mpaka miaka ya karibuni. Dawa yake ya kudumu ni sakafu ya saruji na plasta isiyo na nyufa. Kwenye hilo nyumba bora inashinda, tena kwa mbali.

Pili moshi. Jiko la kuni ndani ya tembe lenye tundu moja ni sawa na kuvuta sigara usiku kucha bila kuomba. Macho ya Bibi yanatoa machozi muda wote na kikohozi chake nakijua kutoka mbali. Tatu, paa la udongo linataka kukarabatiwa kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, linataka magogo mengi ambayo siku hizi hayapo, na mvua kubwa ikilishinda linaanguka na uzito wake wote. Bati lina faida nyingine ambayo hata mimi sikuitarajia: utafiti uliofanyika Gambia ulionyesha kuwa mbu hufa zaidi ndani ya nyumba za bati kuliko za nyasi, kwa sababu ya joto la mchana. Joto lile lile tunalolilalamikia linapunguza malaria.

Kwa hiyo waliosema tembe ni duni hawakuwa wajinga. Wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akashiriki kufyatua tofali ili watu waondoke kwenye matembe, na sababu za afya zilikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kulichukua tembe kama kifurushi kimoja. Papasi na moshi vilikuwa vibaya, basi na ukuta mnene na paa zito navyo vikatupwa. Hakuna aliyeuliza, katika vitu tunavyovitupa, kipi kilikuwa kinafanya kazi? Baadaye serikali iliunda wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, na kazi yake ya tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo, naiheshimu sana kwa kupunguza gharama na kuni za kuchomea. Lakini angalia unene wake: sentimita 15. Udongo umerudi, unene haujarudi.

Unaweza kubaki na bati na sakafu ya saruji, na bado ukalala na joto. Kitu cha kwanza ni dari. Nasema cha kwanza kwa sababu dari inakata ule mtazamano wa mwili na bati, na inaweka tabaka la hewa iliyotulia katikati. Lakini kwenye kijiji chetu dari inahesabiwa kama urembo, kitu cha kumalizia nyumba pesa ikipatikana, baada ya rangi ya ukutani na geti. Nimeona nyumba zina vigae vya kung'aa sebuleni na juu unaona kenchi tupu. Na kwa nini mtu aweke dari, wakati hata maswali ya kaya hayaiulizi? Jipsamu ni ghali, ndiyo. Lakini dari ya viroba vilivyoshonwa, na juu yake tabaka la mabua makavu, inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa nguvu za mikono. Ina panya, na inataka tahadhari na moto, sitaki kuipamba.

Cha pili ni tofali kulazwa. Fundi yeyote anajua kulaza na kusimamisha. Bloku ya nchi sita ikilazwa ukuta unakuwa nchi tisa, kama sentimita 23, na ile safari ya joto inakuwa saa sita badala ya nne. Inakula bloku nusu zaidi, kwa hiyo sisemi nyumba nzima. Chumba kimoja, anacholala mzee au mtoto mchanga, na hasa ukuta wa magharibi unaokula jua la alasiri.

Cha tatu ni ule upenyo wa juu. Uzibwe kwa udongo au saruji, ukiacha tundu dogo linalojulikana liko wapi, kwa sababu chumba kisichopitisha hewa kabisa kina matatizo yake, kifua kikuu kikiwemo. Na chumba kilichozibwa hakiingii jiko la mkaa hata kwa dakika tano za kupasha. Kama lazima, choma mawe mawili nje, yaache yapoe kidogo, yafunge kwenye kitambaa kizito uyaingize kitandani miguuni. Jiwe la kilo tano likipoa kutoka nyuzi 60 hadi 20 linakuachia kilojuli 160 hivi. Sio nyingi kwa chumba, ila chini ya blanketi unazisikia vizuri, na jiwe halitoi sumu.

Upande wa kipimo, sidai mambo makubwa. Sensa haiwezi kuingia na vipimajoto kwenye kila nyumba. Lakini dodoso lililo na nafasi ya kuuliza paa ni la nini lina nafasi ya kuuliza chini ya paa hilo kuna nini. Na kwa tafiti ndogo za kaya, swali moja tu, "katika miezi ya baridi mnapasha chumba cha kulala kwa kutumia nini?", lingetuonyesha ni wangapi wanalala na mkaa kwenye nyumba tulizozipa alama za juu. Wenzangu wa vyuo mnaotafuta mada ya tasnifu, hii mnaweza kuichukua bure. Vipimajoto vinavyojirekodi vyenyewe ni vidogo kuliko kiberiti, na Singida, Manyoni na Iramba bado kuna boma nyingi ambapo tembe na bati vimesimama kwenye uwanja mmoja, jua moja, upepo mmoja. Miaka kumi ijayo sidhani kama mtazikuta.

Kikao cha familia kilirudiwa nilipotoka kijijini. Niliwaambia mama yenu hajatelekezwa, ana baridi. Baba mdogo wa kwanza akasema basi tununue hita ya umeme. Nikamuuliza ile luku inayokatika kila siku tatu ataijaza nani. Tukakubaliana dari, chumba cha Bibi peke yake, na kuziba juu ya ukuta. Viroba alishona Bibi mwenyewe na wajukuu, mabua yalikuwepo shambani, fundi alilipwa siku mbili.

Julai iliyofuata nilipiga simu kuuliza. Bibi akaniambia analala kule kwenye bati sasa, siku za upepo mwingi tu ndiyo anarudi tembeni. Nikamwambia moshi wa tembeni unamaliza kifua chake. Akasema anajua, ndiyo maana siku hizi moto anauzima mapema, akilala kuta bado zina joto. Halafu akaniuliza kama kwenye hesabu zangu nimeweka na panya, kwa sababu wamehamia darini wote.